Maji Aliyomwagiwa Kulwa

Getruda wa Malimi alikuwa mwanamke mfupi mwenye shingo ngumu, na mwenyewe alijua. Alizaliwa Ukerewe, katika ukoo uliokuwa ukisali tangu enzi za babu yake, akaolewa Buswelu kwa Wasukuma wa pamba na ng'ombe. Huko alipata sifa kwa mambo mawili: kulima matuta marefu kuliko wanaume, na kutorudi nyuma akishasema. Mama mkwe wake aliwaambia majirani kwamba ukitaka Getruda aache jambo, mwombe alifanye. Hata hila hiyo haikusaidia kitu, kwa sababu ukimwomba alilifanya.

Watu wa mjini husema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Getruda hakuwa na Idi, alikuwa na Noeli, na Noeli ya mwaka wa Uhuru ndiyo aliyoipanga kumpeleka mwanawe Doto kanisani, apakwe mafuta na kuandikwa kitabuni. Nguo nyeupe ya bafta ilikwisha kushonwa. Mshumaa ulikuwapo. Teodora, binti wa shangazi yake, alikubali kuwa msimamizi wa mtoto na akajinunulia viatu kwa ajili ya siku hiyo. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko akinenepa bila kujua kwa nini. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa maji, maana maji Getruda aliyakataa. Watu walicheka sana. Walikuwa wameona ubatizo uliokosa nguo, uliokosa pilau, uliokosa hata baba wa mtoto, lakini ubatizo ambao mama mzazi anakataza maji yasimguse mtoto hawakuwa wamepata kuuona.

Mambo yalianzia masika ya mwaka huo huo wa 1961, mchana mmoja wa mvua. Malimi alikuwa amekwenda Usagara kutazama ndama, na mama mkwe alikuwa msibani. Getruda akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Aliyekuwa naye nyumbani ni mtu mmoja tu, Mwanvua, ambaye wengi walimwita mama Jumbe. Huyu alikuwa Mwislamu wa Mwanza mjini, mkunga wa miaka mingi, na alizoea kupanda Buswelu kununua samli. Siku hiyo mvua ilimzuia kurudi. Ukiniuliza mimi, nitasema Mungu alimzuia, ila kila mtu ana namna yake ya kuhesabu mambo.

Nyumba ya Malimi ilikuwa ya bati. Alilinunua kwa jasho la pamba, na alilionea fahari kuliko ng'ombe wake. Lakini mvua ya masika ikipiga bati, watu walioketi goti kwa goti hawasikilizani. Katika kishindo hicho ndipo alipozaliwa mtoto wa kwanza, mdogo sana, wa rangi ya samawati, akivuta pumzi moja na kuikosa ya pili. Mwanvua alimpapasa mgongo, akampuliza puani, akatikisa kichwa.

Masista wa Ukerewe walikuwa wamemfundisha Getruda tangu utotoni kwamba mtoto akiwa hatarini kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, mwanamume au mwanamke, Mkristo au asiye Mkristo, mradi atumie maji, aseme maneno yenyewe, na akusudie lile ambalo Kanisa linakusudia. Akamkamata Mwanvua mkono, akamvuta mpaka sikio likafika mdomoni pake.

"Mama Jumbe, mbatize mwanangu. Anakufa."

"Mwanangu, mimi ni Mwislamu."

"Najua. Mmwagie maji kichwani, na huku unasema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mwanvua alimtazama mtoto. Kisha akaomba arudiwe maneno. Alipokwisha kuyashika, alinyanyuka na kile kitoto, akapita nyuma ya mkeka uliogawa chumba, mahali palipokuwa na mtungi. Getruda alisikia kata ikigonga mtungi na maji yakidondoka. Baada ya hapo mvua ilimeza kila kitu, na uchungu wa mtoto wa pili ukamwangusha chini.

Huyu wa pili alitoka akilia kama aliyedhulumiwa. Getruda alisema, "Na huyu pia," halafu macho yakamwingia giza. Katika giza hilo alisikia maji tena. Alipozinduka, mtoto mmoja alikuwa kifuani pake, na mwingine alikuwa amelazwa karibu na ukuta, amefungwa katika kanga ya Mwanvua mwenyewe, uso umefunikwa.

"Tayari?" aliuliza Getruda.

"Tayari, mwanangu," alijibu Mwanvua.

Neno hilo moja Getruda alilishika kwa mikono yote miwili, na hakuliachia.

Watoto wakaitwa Kulwa, yule wa kwanza, na Doto, yule wa pili, kama pacha wa Usukumani waitwavyo. Kwa upande wa dini, Getruda aliwachagulia majina ya watakatifu pacha: Kosma kwa Kulwa, na Damiano kwa Doto. Kulwa akazikwa nyuma ya nyumba, na Malimi, mwanaume mpole asiye na maneno mengi, akachonga msalaba wa mbao akausimika juu ya kile kilima kidogo cha udongo.

Haikuchukua muda, Mwalimu Okwach akafika. Huyu alikuwa katekista wa kigango, Mjaluo wa Mara, mrefu, mwenye baiskeli iliyomfikia kiunoni tu. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulipita kwanza kwenye sheria ndipo ufike kwa watu. Alitoa pole, akakaa, akanywa uji, kisha akauliza ni nani aliyembatiza marehemu.

"Mama Jumbe," alisema Getruda.

"Yule Mwislamu?"

"Ndiye. Masista walitufundisha kwamba inafaa."

"Inafaa," Okwach alikubali. "Hilo silipingi. Ila wewe uliyasikia hayo maneno akiyasema?"

Hapo Getruda angeweza kusema ndiyo, na hadithi hii isingekuwapo. Neno fupi tu. Lakini alikuwa mkaidi hata katika ukweli.

"Sikusikia. Nilisikia maji. Mvua ilikuwa inapiga bati."

"Kulikuwa na shahidi mwingine?"

"Hakuwapo."

Okwach alivua kofia yake akaitazama ndani. "Basi hatujui," alisema. "Na msalaba, mama, hauwekwi juu ya mtu ambaye hatujui kama amebatizwa. Mtuwie radhi. Uondoeni mpaka Padre aamue."

Malimi aliung'oa mwenyewe, akauingiza ghalani. Getruda alisimama mlangoni akamtazama akifanya hivyo, na tangu siku ile alikuwa na kesi.

Padre wa parokia, mzee Mholanzi mwenye kikohozi, aliamua jambo ambalo mapadre wote wangeliamua. Alisema Doto aletwe, amwagiwe maji kwa sharti: kama hujabatizwa, nakubatiza. Kama alikwisha kubatizwa, hakuna lililoharibika; kama bado, mambo yatakuwa sawa. Mama yeyote angeshukuru, akambeba mtoto, akaenda.

Getruda alikataa. Hoja yake ilikuwa fupi, na aliirudia kwa kila aliyemuuliza, kisimani, sokoni na kwenye baraza la parokia. Hawa watoto walibatizwa siku moja, nyumba moja, na mtu mmoja. Ukimmwagia Doto maji leo, hata kwa hiyo "kama" yako, umekwisha kusema kwamba maji ya siku ile hayakuwa kitu. Na kama hayakuwa kitu kwa Doto, hayakuwa kitu kwa Kulwa. Siku zile ilifundishwa kwamba mtoto mchanga asiyebatizwa hateseki, lakini hauoni uso wa Mungu. Anakaa mahali pake, kando. Getruda hakuweza kulivumilia lile neno kando. Alimwona mwanawe akiwa nje ya ua, akisikia wenzake wanacheza ndani. "Hawakutengana tumboni," alisema. "Sitawatenganisha mimi."

Padre hakugombana naye. Alikohoa, akasema, "Basi mlete huyo mkunga. Nimsikie mwenyewe."

Na mkunga hakuwapo. Mwanvua alikuwa amehama mjini na mumewe Shaibu, mfanyabiashara wa samaki wakavu, na majirani zao wa zamani walitaja kila mmoja mji wake. Mmoja alisema Musoma, mwingine alisema Bukoba, wa tatu akaapa kwamba wamekwenda Tabora. Getruda alimuuliza kila mchuuzi aliyepita Buswelu na kikapu cha samaki.

Mwezi wa saba surua ikaingia kijijini. Doto akashikwa na homa kali, macho yakafumba, titi akalikataa. Mchana wa siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, Okwach alikuja na kikombe cha maji mkononi. Alikuwa ameacha baiskeli barabarani, amekimbia.

"Getruda, niruhusu," alisema. "Nakuomba kama ndugu. Nitasema 'kama'. Mungu ataelewa."

Getruda alisimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo ya pande zote mbili.

"Mungu anaelewa sasa hivi, Mwalimu. Mwanangu amebatizwa. Hiyo 'kama' yako inakwenda kukaa juu ya kaburi la mwenzake."

Malimi, ambaye hakuwa na desturi ya kuingilia, alisema kutoka ndani, "Mke wangu, mtoto anakwenda."

"Haendi. Na akienda, anamfuata ndugu yake mahali pamoja."

Okwach akabaki na kikombe chake. Mwisho aliyamwaga maji chini, akaenda zake bila kuaga, jambo ambalo kwa mtu wa adabu kama yeye lilikuwa sawa na tusi. Doto akapona. Getruda aliwaambia majirani kwamba hiyo ndiyo nguvu ya ubatizo, na aliisema kwa majivuno kidogo, tusimfiche.

Habari za Mwanvua zilikuja mwishoni mwa mwaka. Mchuuzi mmoja alisema yuko Busisi, ng'ambo ya ghuba, mumewe amefungua duka pale kivukoni. Getruda hakungoja asikie mara ya pili. Alimfunga Doto mgongoni, akachukua viazi vya njiani, akamwambia Malimi amwangalie mbuzi. Malimi alimkumbusha kwamba wiki hiyo ni ya Uhuru, na kwamba Tanganyika nzima inaelekea mjini kushangilia. Getruda alijibu kwamba Tanganyika haikumwomba ruhusa, naye haombi.

Basi dunia yote ilikuwa ikija Mwanza na Getruda akienda kinyume chake. Malori yalipita yamejaa watu wanaoimba, yamefungwa matawi na bendera mpya za kijani, nyeusi na manjano. Watu walimpigia kelele wakimwambia amepotea njia. Alipata lori moja lililokuwa likirudi tupu mpaka Usagara, na kutoka hapo alitembea hadi kivuko cha Kigongo. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimelijaza ziwa kupita kiasi. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye vibanda vya wauza chai, na ilibidi abiria wavue viatu ili wafike kwenye chombo. Getruda hakuwa na viatu vya kuvua. Alikunja kanga akaingia.

Mwanvua alikuwa ameketi nyuma ya duka akichambua mchele. Alimtambua Getruda kabla hajaamkiwa.

"Shikamoo, mama Jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye yule mlizi?"

"Ndiye."

Alipewa maji, akapewa chai na maandazi, Doto akapakatwa. Ndipo akaeleza shida yake yote, toka msalaba hadi kikombe cha Okwach. Mwanvua alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na mchele, ingawa ilikuwa haichambui tena, inausogeza tu.

"Uliyasema yale maneno?" aliuliza Getruda. Sauti yake ilikuwa ndogo. Miezi yote ile alikuwa na hakika mbele za watu. Hapa, mbele ya mtu mmoja aliyejua, hofu ilimshika.

"Niliyasema," alijibu Mwanvua.

Getruda alifunga macho.

"Lakini usiniulize zaidi," Mwanvua aliendelea. "Maneno yale kwetu si ya mchezo. Niliyasema siku ile kwa sababu ulikuwa na hali ile, na sijamwambia mtu. Wala mume wangu sijamwambia."

Shaibu alikuwa mlangoni, na alikuwa amesikia. Alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kitani na macho ya kuchoka. Aliingia, akaketi juu ya gunia, akamuuliza mkewe kama mtoto alikuwa anakufa kweli. Mwanvua akasema ndiyo. Akamuuliza kama yeye mwenyewe alibadili dini. Mwanvua akasema hapana, na Mungu ni shahidi.

"Basi hiyo ilikuwa amana ya mwenye shida, ukaifikisha," alisema Shaibu. "Na sasa wanakutaka ushahidi. Kwetu sisi kuficha ushahidi ni dhambi. Utakwenda." Akakung'uta kanzu. "Na mimi nitakwenda nawe, watu wa hapa wasije wakatunga hadithi."

"Nitasema mbele ya huyo padre mara moja tu," Mwanvua alimwambia Getruda. "Njiani tuzungumze mengine."

Wakazungumza mengine. Waliingia Usagara siku yenyewe ya Uhuru, ngoma zikilia kila upande, wazee wakicheza na wajukuu zao. Shaibu alinunua bendera ndogo ya karatasi akampa Doto, naye akaila. Getruda alicheka kwa mara ya kwanza tangu masika. Alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda. Kilichobaki ni kumsikiliza Padre akikiri.

Walifika parokiani asubuhi ya Jumatatu. Okwach alikuwapo, amekuja kwa mafundisho ya makatekista, na Padre akamwita aingie ili awe shahidi. Shaibu alibaki barazani. Mwanvua aliketi ukingoni mwa kiti, mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi, na Getruda akasimama nyuma yake na mtoto mgongoni, kwa kuwa alikataa kukaa.

"Karibu, mama," alisema Padre. "Hapa hakuna anayekushitaki. Niambie tu. Maji yalimgusa mtoto?"

"Nilimmwagia utosini kwa kata. Yakamtiririka mpaka masikioni."

"Na ulisema nini?"

Nje Shaibu alisikika akikohoa. Mwanvua akayasema maneno, polepole, yote, la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akiwa ameangalia sakafu. Okwach aliinamisha kichwa.

"Uliyasema huku maji yanamwagika, au baadaye?"

"Pamoja."

"Na moyoni ulikusudia nini?"

"Sikukusudia kuwa Mkristo, nikuambie kweli," alisema Mwanvua. "Nilikusudia kumfanyia mtoto lile ambalo mama yake alimwombea, lile mnalolifanya ninyi. Nilifanya kwa dhati, sikufanya kwa kumridhisha mgonjwa."

Padre alivua miwani. "Yatosha," alisema. "Hata mimi nisingefanya zaidi. Kosma Kulwa amebatizwa. Mwalimu, msalaba urudi mahali pake, nami nitakuja kulibariki kaburi."

Getruda alishika mgongo wa kiti. Alitaka kumtazama Okwach usoni, amwonyeshe, lakini machozi yalimzuia, akaishia kumwona kama ukungu mrefu.

Padre alikuwa mtu wa utaratibu. Akavaa miwani yake tena, akauliza, "Na huyu wa pili, vivyo hivyo?"

"Wa pili yupi?" aliuliza Mwanvua.

"Huyu hapa mgongoni."

Mwanvua aligeuka akamtazama Doto, kisha akamtazama mama yake. "Huyu sikumbatiza," alisema.

Doto alikuwa anavuta nywele za mama yake.

"Mama Jumbe," Getruda alisema, "nilisikia maji."

"Nilimwogesha, mwanangu. Alitoka na damu kichwani, nikamwogesha kama ninavyoogesha wote. Alikuwa analia kwa nguvu, nikajua huyu ni wa kuishi. Wewe uliniambia maneno yale ni ya mtoto anayekufa. Kwangu mimi si mepesi. Kwa yule niliyasema. Kwa mtoto mzima, kwa nini niyaseme?"

"Nilikwambia, na huyu pia."

"Mvua, Getruda. Sikukusikia."

"Nilikuuliza, tayari? Ukasema tayari."

"Ulikuwa umejifungua wote wawili, na kondo la nyuma limetoka. Nikasema tayari."

Getruda alifungua ubeleko, akamleta Doto mbele, akamshika kwa mikono miwili akamtazama kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. Miezi tisa alikuwa amempigania mtoto ambaye hakuhitaji kupiganiwa. Kulwa alikuwa ndani ya ua tangu saa ile ile ya kuzaliwa kwake. Aliyekuwa nje ni huyu. Huyu ndiye aliyelala na surua macho yamefumba, na maji yakaletwa mpaka mlangoni kwa miguu ya mtu aliyekimbia, na mama yake mzazi akasimama na mikono miwili kuyazuia. Kama angekufa siku ile, angekufa hivyo hivyo, na pacha wangetengana, na aliyewatenganisha angekuwa yeye. Aliliona jambo hilo lote kwa mara moja, akatafuta mahali pa kukaa. Mwanvua alimpisha kwenye kiti.

"Nimekosa nini, Padre?" alisema Mwanvua. "Mbona nimesema kweli?"

"Hukukosa kitu, mama," alisema Padre. Akamgeukia Getruda kwa upole. "Na wewe usijitese. Mtoto ni mzima. Jumamosi kabla ya Noeli nina ubatizo wa watoto wengi. Mlete na msimamizi wake, na nguo yake, na sherehe yenu iko pale pale."

"Leo," alisema Getruda.

"Zimebaki siku chache tu."

"Padre, mimi nimekwisha kukaa nazo siku, na nilizikaa vibaya. Sitoki hapa na mtoto huyu akiwa hivi alivyo. Kuna ziwa, kuna malori ya Uhuru barabarani, kuna homa. Mbatize leo. Mbuzi atachinjwa Noeli, asiponenepa shauri yake."

"Msimamizi wako yuko Buswelu."

Getruda alimtazama Okwach. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko kutembea mpaka Kigongo, na alilifanya.

"Mwalimu," alisema, "naomba umsimamie mwanangu."

Okwach alishika kofia yake kifuani. "Mimi? Mimi ndiye uliyenifukuza mlangoni."

"Ndiyo sababu. Wewe ulikuja na maji nikiwa nimeyakataa. Hana mtu mwingine aliyemtaka Kanisani kuliko wewe."

Okwach aliweka kofia juu ya meza ya Padre, akanyoosha mikono mirefu, akampokea mtoto.

Waliingia kanisani. Palikuwa na baridi na patupu, na harufu ya mishumaa ya jana. Hapakuwa na kwaya, wala bafta, wala viatu vya Teodora. Mwanvua na Shaibu walisimama nje ya mlango mkubwa, mahali ambapo mtu anaweza kuona bila kuingia. Padre, kwa desturi ya siku zile, aliweka chembe ya chumvi ulimini mwa Doto, naye akakunja uso. Akampaka mafuta. Maswali aliyoulizwa mtoto, Okwach aliyajibu kwa sauti nzito ya Mara, akitamka kila neno kama mtu anayelipima. Jina lilipoulizwa, alisema, "Damiano." Kisha akamwinamisha mtoto juu ya birika la ubatizo, Padre akamimina, na maneno yakasomwa kwa Kilatini huku maji yakishuka.

Safari hii Getruda alisikia. Alisimama karibu kiasi cha kurukiwa na matone, akisikiliza neno kwa neno mpaka la mwisho.

Doto alilia kama siku ile alipozaliwa. Okwach alitaka kumpangusa, lakini Getruda aliweka kiganja chake juu ya kichwa kile kilicholowa, akakiacha hapo, akamwinamia mwanawe.

"Nisamehe, Doto," alisema, na wote wakasikia, hata waliokuwa mlangoni. "Nilikuwa nampigania mwenzako, kumbe yeye alikwisha kufika."